Taa ya Princess: Kosa la Mwaka 1959

Mafundi wa Bell walioitoa simu ya Princess mwaka 1959 wanastahiki sifa kwa umbo lake, ambalo mkono wa mbunifu Henry Dreyfuss na watu wake haujifichi ndani yake. Lakini kwa ile taa iliyowekwa chini ya gurudumu la namba hawastahiki ila lawama, kwa kuwa waliifunga kwenye umeme wa nyumba.

Aliyepata kuufungua mfuniko wake anajua. Waya mwekundu na wa kijani huchukua laini, kama ilivyo ada, kutoka kwenye betri ya volti 48 ya kituo cha simu; ule mweusi na wa manjano zikatwikwa mkondo wa taa, unaotoka katika transfoma iliyochomekwa ukutani. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Simu ikiwa imetuliwa haina idhini ya kunywa mkondo wa laini, maana kituo kikiuona mkondo huo hudhani kwamba mkono wa simu umeinuliwa, kikaanza kutoa mlio wa kupigia. Nayo taa ya usiku hutakiwa kuwaka wakati huo huo simu imelala. Hoja sahihi, hukumu batili. Umeme wa mtaa unapokatika, na mtu akawa anapapasa kitandani amwite tabibu, betri za kituo hazina habari na kiza hicho, na simu yenyewe i hai kama kawaida, ilhali taa iliyonunuliwa kwa ajili ya kiza imekufa kabla ya vitu vyote. Hiyo ni dhihaka!

Kengele iliyotolewa nje ya sanduku, na wepesi ulioifanya simu iteleze chini ya kidole hadi ikatiwa uzito wa risasi tumboni, hayo nayasamehe, kwani baadaye kengele ilirudishwa ndani.

Wapo waliochoka kunisikia nikisema kwamba adabu ya kwanza ya simu ni kuishi kwa riziki ya laini, nami nitasema tena, na hizi za siku hizi zisizo na waya, ambazo umeme ukizimika huwa pambo la meza, sizitii hata katika hesabu. Anthony White, alipokiunda kipaza sauti chake cha simu cha chembe za kaboni mwaka 1890, hakudai kitu zaidi ya mkondo upitao humo. Na waliobuni simu ya Model 500, walipoona kwamba simu iliyo karibu na kituo hupata mkondo mwingi ikapiga makelele, na ya mbali hupata kidogo ikanong'ona, waliufanya mkondo huo huo uwe mwamuzi: varista za silikoni kabidi, ambazo kadiri mkondo unavyozidi ndivyo zinavyoipunguza sauti, bila transfoma wala mkono wa mtu. Vitufe vya Touch-Tone vya mwaka 1963, vyenye transista moja iliyolishwa na laini, ni kazi safi.

Mtetezi wa mafundi wa Princess atasema kwamba mwaka 1959 hawakuwa na taa nyingine, maana diodi ya nuru nyekundu Nick Holonyak aliionyesha mwaka 1962, na kwamba ni diodi za namna hiyo zilizokuja kuiwezesha simu ya Trimline kumulika vitufe vyake kwa mkondo wa laini pindi mkono unapoinuliwa. Naam, ni kweli. Lakini simu iliyokaa bila taa tangu 1876 ingaliweza kungoja.