Mlima na Mita Mbili

Pale Soweto, Moshi, kwenye benchi la duka la Mangi, hukaa mwalimu mstaafu mwenye daftari la hesabu na penseli iliyochongwa kwa wembe. Husoma namba za bodaboda zinazopita. Ile ya 437 humchekesha kila mara: imejivika utasa, kumbe ni 19 mara 23.

Juzi mawingu yalifunguka, Kibo ikatoka. Nikampa shikamoo, nikamtajia 5895, urefu wa mlima kwa mita. Hakuinua hata penseli.

"Huo umegawanyika zamani. Tatu, tatu, tano, na 131." Akatabasamu. "Sasa ongeza mita mbili."

Akaandika 5897 juu ya ukurasa, akaanza kushuka. Kwa saba, inabaki 3. Kwa kumi na moja, inabaki 1. Kwa kumi na tatu, inabaki 8. Kila baki aliliandika pembeni kwa mwandiko ule ule wa kunyooka, kana kwamba kuna mkaguzi atakayekuja kulisahihisha. Kwenye 67 nilibana pumzi: mara 88 ni 5896. Imebaki moja tu! Akalamba ncha ya penseli, akaenda 71, akaenda 73. Alipofika 79 akaacha, maana 79 mara 79 ni 6241, mlima umeshapitwa. Namba 21 zimebisha hodi, hakuna iliyofunguliwa.

"Tasa," nikasema.

Neno lile halipendi. Mbuzi tasa hana mtoto, akaniambia, lakini hizi ndizo zinazozaa namba nyingine zote. Zilichokosa ni wazazi. Nami naona waliotutungia msamiati wa hesabu walimsingizia yatima.

Mkono wa mtu umefika mbali katika kazi hii ya kusaka tasa. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kuwa 2 kwa kipeo cha 127, toa 1, ni tasa: tarakimu 39, bila mashine. Ile ya kipeo cha 67 aliona si tasa, ila hakujua inagawanyika kwa ngapi. Mwaka 1903, New York, Frank Nelson Cole akasimama ubaoni na chaki, akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno, na kwamba jibu lile lilimlia Jumapili za miaka mitatu. Oktoba 2024 ilitangazwa tasa ya tarakimu 41,024,320, kazi ya kompyuta. Hiyo haina pembeni ya daftari.

Kijana wa bodaboda aliyeegemea nguzo akaiuliza simu yake kuhusu 5897. Ikajibu papo hapo.

"Kwa 67 inabaki ngapi?" Mwalimu akamwuliza.

Kijana akatazama kioo, akanitazama mimi. Abiria akaita, akawasha pikipiki.

Daftari lilikuwa limebakiza kurasa nne. Nikataka kumnunulia jingine. Mangi akaniambia siku hizi haleti madaftari, hayatoki.