Katekista Amepewa Cheo, Shule Yake Iko Wapi?



Tuanze na msiba. Si zamani sana tulikusanyika kwa mwenzetu aliyefiwa na mama yake huko nyumbani. Watu walijaa sebuleni mpaka kwenye ngazi, kama ilivyo desturi yetu huku ughaibuni: anayeweza kupanda ndege kwenda kuzika ni mmoja au wawili, waliobaki wanalia pamoja. Tulisali rozari, tukaimba. Tulipopumzika kunywa chai, binti wa mfiwa, mwenye miaka kumi na minne, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Kama bibi alikuwa mtu mzuri na ameshafika kwa Mungu, hizi sala zetu zinamsaidia nini?" Hakuuliza kwa ukorofi. Aliuliza kwa sababu alimpenda bibi yake.

Mle ndani tulikuwa watu wazima zaidi ya thelathini. Wote tumebatizwa, wote tumepata kipaimara, na wengine wana shahada mbili. Mzee mmoja akasema, "Mwanangu, ndivyo tulivyofundishwa." Mama mmoja akasema tumngoje padri, atakuja Jumamosi. Basi. Binti akanyamaza, nasi tukaendelea na rozari.

Swali lile halijatutoka. Ndilo lililotufanya tuisome upya barua moja ya Kanisa Katoliki ambayo wengi wetu tuliisikia ikitajwa, kisha tukaisahau. Wasomaji wetu wasio Wakatoliki tunawaomba watuvumilie. Nani atawafundisha watoto dini huku ugenini ni swali la kila nyumba.

Barua yenyewe ni Antiquum Ministerium, yaani "Huduma ya Kale", aliyoitoa marehemu Papa Fransisko tarehe 10 Mei 2021. Ni fupi, ina aya kumi na moja tu. Hoja yake ni kwamba ukatekista si jambo la jana. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorinto aliwataja walimu miongoni mwa waliopewa karama katika Kanisa, na Luka aliandika Injili yake ili Teofilo awe na hakika ya mambo aliyokuwa amefundishwa. Kwa sababu hiyo Papa aliufanya ukatekista kuwa huduma rasmi ya walei, wanaume kwa wanawake, inayotolewa na askofu kwa ibada maalumu. Ibada hiyo ilitangazwa Desemba 2021 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Mwezi huohuo, tarehe 23, Papa mwenyewe aliwasimika makatekista wa kwanza katika Kanisa la Mtakatifu Petro.

Tuseme kwanza lililo jema. Barua inaonya kwamba mlei asigeuzwe padri nusu. Onyo hili lina maana kubwa kwetu, maana tunawajua watu wetu: mpe mtu joho, na kesho atataka kiti cha mbele. Barua inasisitiza kwamba kazi ya mlei inabaki ya mlei, katikati ya watu, katika familia, kazini na mtaani. Jambo jingine jema ni kwamba inampa heshima mtu ambaye kwetu Afrika Mashariki alibeba Kanisa mgongoni. Nani kati yetu aliyekulia kijijini asiyemkumbuka katekista wa kigango? Padri alikuja mara moja baada ya wiki nyingi, akiwa na pikipiki au gari la misheni. Siku nyingine zote aliyeongoza ibada ya Jumapili, aliyefundisha komunyo, aliyezika wafu na kusuluhisha wanandoa alikuwa ni yule mzee mwenye baiskeli, ambaye Jumatatu asubuhi ulimkuta shambani kwake akilima kama jirani yeyote.

Hapo ndipo uhakiki wetu unapoanzia. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake kuhusu kazi za kimisionari iitwayo Ad Gentes, namba 17, uliwasifu sana makatekista, wake kwa waume. Lakini haukuishia kwenye sifa. Ulitaka shule za makatekista ziongezwe majimboni na kikanda, na ulitaka wale wanaojitoa kwa kazi hii muda wote wapewe malipo ya haki, waweze kuishi kwa heshima na kuwa na akiba ya maisha. Barua ya 2021 inaikumbuka hati hiyohiyo na kurudia sifa zake. Inapofika kwenye elimu inasema katekista apate malezi yafaayo ya Biblia, teolojia, uchungaji na ualimu, kisha inayaachia mabaraza ya maaskofu yapange utaratibu. Habari ya malipo haimo. Kwa maneno mengine, imechukua sifa, ikaacha mshahara.

Hatusemi hayo kwa kulidharau Kanisa. Mlei kusema maoni yake kwa wachungaji kwa kadiri ya ujuzi wake ni haki, na wakati mwingine ni wajibu, kama inavyosema Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 212. Sheria hiyohiyo, kanuni ya 229, inasema walei wana wajibu na haki ya kujifunza mafundisho ya imani, kila mmoja kwa uwezo na hali yake, na wana haki hata ya kusoma katika vyuo vikuu vya Kanisa na kupata digrii. Kwa hiyo mlango uliwekwa zamani. Tatizo ni nauli ya kuufikia. Katekista wa kigango mwenye watoto sita atakwenda chuo kwa fedha ya nani, na shamba lake litalimwa na nani? Barua inayoanzisha cheo bila kugusa swali hilo imeacha jengo bila ngazi.

Mtu anaweza kutujibu kwamba imani si shule, na kwamba bibi zetu hawakujua kusoma lakini walimjua Mungu. Ni kweli, na tunawaheshimu. Lakini historia yetu wenyewe inatuonyesha kwamba kufundishwa kulikuwa na uzito. Wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki walifika Buganda mwaka 1879. Mwishoni mwa 1882 waliondoka, wakavuka ziwa na kukaa Bukumbi, karibu na Mwanza. Hawakurudi mpaka katikati ya 1885. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu Buganda haikuwa na padri Mkatoliki hata mmoja. Waumini walikuwa wachache, wengi wao wapya kabisa. Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba walikuwa wamebatizwa mwaka uleule wa 1882.

Hao ndio waliobaki kuwa shule. Mukasa aliwafundisha vijana katika jumba la kabaka, Kaggwa na Mulumba wakafundisha majumbani kwao. Mapadri waliporudi walikuta waumini wameongezeka. Kisha yakaja mateso ya 1885 hadi 1887, na kati ya mashahidi ishirini na wawili Wakatoliki waliotangazwa watakatifu mwaka 1964 hapakuwa na padri wala mtawa hata mmoja. Wote walikuwa walei. Karoli Lwanga mwenyewe aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, kwa sababu alijua kwamba saa ya hatari mlei anaweza kubatiza, na alijua namna ya kufanya hivyo. Angengoja padri wa Jumamosi, Kizito angekufa bila ubatizo.

Wasomaji wetu walioko Uingereza wana mfano mwingine karibu yao. John Henry Newman, padri wa Birmingham, aliandika mwaka 1859 kwamba katika karne ya nne, wakati maaskofu wengi walipoyumba kuhusu umungu wa Kristo, waumini wa kawaida ndio walioshika imani. Alitaka Kanisa lisikilize walei katika mambo ya mafundisho, na alitaka walei wenyewe wajue wanachoamini na waweze kukitolea sababu. Maneno hayo yalimletea matatizo Roma. Mwaka 1867 Monsinyori George Talbot, mtu mwenye sauti huko Vatikano, aliandika kwamba kazi ya walei ni kuwinda, kupiga risasi na kukaribisha wageni. Leo Talbot anakumbukwa kwa sentensi hiyo tu. Newman alitangazwa mtakatifu mwaka 2019, na tarehe 1 Novemba 2025 Papa Leo wa Kumi na Nne alimtangaza Mwalimu wa Kanisa.

Tucheke, lakini tujiangalie. Sisi huku hatuwindi, ila kukaribisha wageni tunakuweza sana! Akija askofu kutoka nyumbani, pilau itapikwa na kamati itaundwa siku hiyohiyo. Lakini ukiuliza nani atawafundisha watoto katekisimu kwa Kiswahili, kila mtu anaangalia viatu vyake. Padri wetu mmoja msema Kiswahili alipohamishwa, Misa yetu ya mwezi ilikufa, na jumuiya ikakaa miezi minane bila kukutana. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokubaliana, mwaka 1973 na tena 1976, kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe msingi wa Kanisa, walitaka kitu kinachoweza kusimama hata padri asipokuwepo. Sisi tulioletwa na ndege tukakiacha uwanjani.

Tunawatazama pia ndugu zetu Waislamu tunaoishi nao. Mwishoni mwa wiki watoto wao wanakwenda madrasa, na mara nyingi mwalimu ni dereva wa teksi au muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Hawamngoji shehe mkuu aje kutoka Zanzibar. Mwenye kujua anafundisha, na asiyejua analipa ada. Hapa tuna la kuiga bila aibu.

Lawama nyingine lazima iangukie namna tulivyofundishwa. Katekisimu yetu ilikuwa ya swali na jibu. Mwalimu anauliza, darasa linaitikia kwa sauti moja, na anayekosea anarudia mwaka. Hatuitupi njia hiyo. Mahali pasipo na vitabu, kukariri ndiyo maktaba, na Kanisa lenyewe lilirudia mtindo huo mwaka 2005 lilipotoa Muhtasari wa Katekisimu wenye maswali 598. Kasoro ni kwamba maswali yote yalikuwa ya mwalimu. Sisi hatukufundishwa kuuliza, na baada ya kipaimara tulifunga daftari. Akili ikasonga mbele na uhasibu, uuguzi na kompyuta, imani ikabaki na kaptula ya darasa la tatu. Mtoto aliyezaliwa huku anakuja na swali lake mwenyewe, ambalo halimo katika orodha yetu, nasi tunadhani ni utovu wa adabu.

Isitoshe, mambo haya hayaishii kanisani. Floribert Bwana Chui wa Goma hakuwa na cheo cha altareni. Alikuwa kijana wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, akiwasaidia watoto wa mitaani kusoma, na kazini alikuwa mkaguzi wa bidhaa zinazoingia mpakani. Alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisipitishwe kikauziwa watu, na kwa ajili hiyo aliuawa Julai 2007 akiwa na miaka 26. Alitangazwa mwenyeheri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Imani yake iliulizwa swali pale forodhani, hapakuwa na padri wa kumjibia, na alijibu mwenyewe.

Tunapendekeza nini basi? Kwanza, kila jumuiya yetu ichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, na kuwalipia masomo ya dini, hata ya jioni au ya mtandaoni, kama tunavyochanga kwa ajili ya harusi. Pili, tunapokutana tusome kipande kimoja cha Katekisimu ya Kanisa Katoliki kwa Kiswahili, na watoto ndio waanze kuuliza. Tatu, tunapochangia kujenga mnara wa kanisa kijijini, tuulize pia katekista wa pale amesoma wapi na anakula nini.

Yule binti hatukumwacha. Tulifungua Katekisimu namba 1030 hadi 1032, tukasoma, tukabishana sisi wenyewe kwa wenyewe, kisha tukamweleza kwamba Kanisa linafundisha kuwa wapo wanaokufa katika urafiki na Mungu lakini bado wanahitaji kutakaswa, kwamba sala zetu zinawasaidia, na kwamba kumwombea marehemu ni kuendelea kuwa familia moja naye. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Na yeye bibi, anatuombea sisi?"

Safari hii watu watatu walijibu kabla ya padri kufika.

Wenye maoni tofauti watuandikie. Tutayachapa katika toleo lijalo.