Fundi wa Swichi Hupimwa Kati ya A na B

Upande wa juu wa Katogota, kijiji cha uwanda wa Ruzizi mashariki mwa Kongo, mto Ruzizi unazungusha mitambo ya Ruzizi I na Ruzizi II, hii ya pili ikihudumia Kongo, Rwanda na Burundi tangu 1989. Lakini uwandani kote, hadi Uvira, kukatika kwa umeme si habari. Mazingira hayo humwumbua haraka fundi wa swichi za hifadhi, vile visanduku vinavyounganisha seva na makabati ya diski.

Chukua swichi za Cisco MDS. Mipangilio mingi hukaa katika kumbukumbu ya muda mpaka fundi atoe amri ya kuihifadhi. Swichi yaweza kufanya kazi mwaka mzima bila kasoro, kisha umeme ukatike, na ukirudi iamke imesahau kila kilichoongezwa bila kuhifadhiwa. Kwa hiyo fundi wa kuaminika huhifadhi mipangilio ndani ya swichi, halafu huweka nakala nje yake. Anayeweka nakala hiyo kwenye diski zinazofikiwa kupitia swichi hiyohiyo bado mwanafunzi.

Mfumo uliojengwa vizuri una mitandao miwili isiyogusana, A na B, na kila seva ina njia pande zote mbili. Ukizima A, data hupita B. Uzuri huo ndio mtego: njia moja ya B inaweza kuwa imekufa tangu mwezi uliopita bila mtu kulalamika, kwa kuwa A ilikuwa inabeba mzigo wote. Fundi hodari huhesabu njia za kila seva kabla ya kugusa chochote, husasisha A, kisha hungoja. Hesabu zisipolingana na za mwanzo, B haiguswi. Ukitaka kumpima fundi, mtazame katika kungoja huko. Wengi hodari wa amri hushindwa hapo.

Amri nazo zina siri zake. Kwenye swichi za Brocade, “reboot” na “hareboot” zinafanana kwa jina tu: ya kwanza hukata data, ya pili huwasha upya ubongo wa swichi huku poti zikiendelea kupitisha mzigo. Fimwea, yaani programu iliyomo ndani ya kifaa, huwekwa katika sehemu mbili, ili toleo la zamani libaki mpaka jipya lithibitishwe. Anayeruka matoleo makubwa mawili kwa mkupuo ili awahi nyumbani anacheza na data za watu. Fundi wa daraja la juu husoma kwanza maelezo ya toleo, husafisha vihesabio vya makosa ya poti, kisha huvisoma tena baada ya kazi. Tarakimu zinazopanda mara nyingi husema kebo chafu au kiunganishi kibovu.

Njia ya kurudi nyuma nayo ipimwe. Juni 2012, benki za RBS, NatWest na Ulster Bank zilisasisha programu ya kupanga kazi za usiku, tatizo likazuka, mafundi wakaiondoa bila kujaribu kwanza matokeo ya kuiondoa. Wateja zaidi ya milioni 6.5 waliathirika, na mwaka 2014 wadhibiti wa Uingereza wakatoza faini ya pauni milioni 56. Haikuwa swichi, lakini ugonjwa ni uleule.

Na ofisi ndogo yenye swichi moja tu? Hapo hakuna ujanja wa A na B, na anayeahidi kusasisha bila huduma kuyumba anastahili kutiliwa shaka. Fundi atangaze saa ya kusimama. Azime seva kwanza, kisha diski, swichi mwisho. Kuwasha ni kinyume chake: swichi, diski mpaka ziwe tayari kabisa, ndipo seva. Umeme ukiwa wa kuja na kwenda, utaratibu huo ubandikwe mlangoni pa kabati, kwa lugha ambayo mlinzi wa usiku anaisoma.