Pongezi kwa Watunzaji wa Behewa la Marais

Kiwanda cha Pullman kililiunda behewa la Ferdinand Magellan mwaka 1929 kwa ajili ya wasafiri wenye pesa zao. Vita vya Pili vya Dunia vikalibadilishia kazi. Mwaka 1942 lilifumuliwa kwa ajili ya Rais Roosevelt wa Marekani: mabamba ya chuma ubavuni, juu na chini, vioo vinene vya kuzuia risasi, na milango miwili ya dharura, mmoja bafuni! (Wazo la rais kuponea bafuni silisahau.) Uzito ukafika tani 129 hivi. Mwaka 1948 Rais Truman alizunguka nalo Marekani akiomba kura, akihutubia watu kutoka kibaraza cha nyuma.

Serikali ilipolichoka, Makumbusho ya Reli ya Gold Coast, Miami, yalilipokea mwaka 1959. Hapo ndipo pongezi zangu zinapoelekea. Kuunda behewa ni kazi ya miezi. Kulinda chuma dhidi ya kutu katika joto na unyevu wa Florida ni kazi isiyoisha. Matunda ya kazi hiyo yalionekana: mwaka 1984 Rais Reagan alilitumia kwa kampeni Ohio, na mwaka 1992 likanusurika kimbunga Andrew.