Dini Gani Mtu Angechagua? Uhuru wa Kuchagua katika riwaya ya V. Y. Mudimbe, Entre les eaux

1. Utangulizi

Kuna swali ambalo huzuka mara kwa mara katika mijadala ya wasomi na hata katika mazungumzo ya kawaida: lau kama watu wangeachwa huru kabisa, bila shinikizo la wazazi, la shule, la serikali wala la jamaa, wangefuata dini gani? Mwenye kuuliza hutazamia kutajiwa jina moja: Ukristo, Uislamu, dini ya wazee, au kutokuwa na dini yoyote. Lengo la makala haya si kutaja jina hilo. Makala yanachunguza jinsi riwaya moja ya Kikongo, Entre les eaux ya Mudimbe, iliyotolewa na Présence Africaine mwaka 1973, inavyoligeuza swali lenyewe. Riwaya hiyo imeandikwa kwa Kifaransa. Hata hivyo inastahili nafasi katika masomo ya Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, mwandishi wake, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki mwaka 2025, alikulia katika nchi ambayo Kiswahili kilikuwa lugha ya katekisimu na ya migodi. Pili, kila anayejaribu kuisimulia riwaya hiyo kwa Kiswahili hukutana na tatizo la msamiati ambalo ni sehemu ya maudhui yake.

2. Kisa kwa ufupi

Pierre Landu ni padri Mkongo aliyesomea teolojia na sheria ya Kanisa mjini Roma. Anaona kwamba Kanisa analolitumikia limeshikamana na wenye mali na wenye nguvu. Anaiacha parokia na kujiunga na wapiganaji wa Kimarx msituni, akiamini kwamba huko atakuwa karibu zaidi na Injili. Wapiganaji hawamwamini. Barua aliyomwandikia askofu wake inanaswa, naye anahukumiwa kuwa msaliti. Anaokoka kwa sababu majeshi ya serikali yanaishambulia kambi. Baadaye anaishi kwa muda na mwanamke aitwaye Kaayowa, lakini hapati utulivu. Mwishoni anaingia katika monasteri ya Wasisteriani na kupewa jina jipya, Mathieu-Marie de l'Incarnation.

Kisa ni hicho tu, nacho kinasimuliwa na Landu mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Uzito wa riwaya haumo katika matukio bali katika neno moja linalomfuata mhusika kila aendako: usaliti. Kanisa linamwona amelisaliti. Wapiganaji wanamhukumu kwa usaliti. Naye, akijitazama kama padri wa dini iliyoletwa na wageni, hawezi kusahau kwamba aliwaacha wazee wake kabla ya kuwaacha wengine wote.

3. Historia ya uchaguzi uliokwisha kufanywa

Ili kumwelewa Landu, ni lazima kukumbuka jinsi dini zilivyogawanywa katika Kongo. Mwaka 1906 Dola Huru ya Kongo na Vatikani zilifanya mkataba uliozipa misioni za Kikatoliki ardhi kwa sharti la kuendesha shule. Misioni za Kiprotestanti zilikuwapo, lakini shule zao hazikupata ruzuku ya serikali ya kikoloni mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Shule za serikali zisizo za dini kwa ajili ya watoto wa Kikongo zilianza mwaka 1954 tu. Kwa hiyo, kwa nusu karne, mtoto aliyetaka kusoma alipata dini pamoja na ubao na chaki, na dini yenyewe ilitegemea ni misioni ipi iliyokuwa karibu na kijiji chao. Mzazi aliyempeleka mwanawe shuleni huenda alichagua kusoma; dini ilifuata.

Aliyejichagulia nje ya mpango huo alijua gharama yake. Simon Kimbangu alianza kuhubiri Nkamba mwezi wa Aprili 1921. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amehukumiwa kifo, adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, naye akapelekwa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Alifia gerezani humo mwaka 1951, baada ya miaka 30. Kanisa lililoanzishwa kwa jina lake lilipata idhini mwaka 1959.

Uhuru wa nchi haukuondoa orodha, uliibadilisha. Sheria ya Desemba 1971 iliyaruhusu rasmi makanisa matatu: la Katoliki, la Waprotestanti waliounganishwa pamoja, na la Kimbangu, Waorthodoksi na Waislamu waliongezwa baadaye. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku kwa jina la uhalisi wa Kizaire. Mudimbe mwenyewe, Valentin-Yves, akawa Vumbi Yoka, na herufi V. Y. zikabaki zilezile. Riwaya ilitoka mwaka uliofuata, na mhusika wake mkuu, anayeitwa Pierre tangu ukurasa wa kwanza, anamaliza kisa akiwa na jina la Kikristo lililo refu zaidi. Ni vigumu kwa msomaji wa wakati ule kutoona hapo jibu fulani kwa serikali iliyodhani kwamba dhamiri ya mtu inaweza kusahihishwa katika ofisi ya vitambulisho.

4. Kiswahili na vitenzi vya imani

Tatizo la lugha linajitokeza mara mtu anapotaka kusema kwa Kiswahili kwamba Landu "anachagua" dini. Usemi kuchagua dini unaeleweka, lakini unanuka soko, kana kwamba dini ni kitenge. Vitenzi vya kawaida vinakwenda njia nyingine. Mtu hubatizwa: kauli ya kutendwa. Mtu huongoka, mtu huokoka: kauli ya kutendeka, ambamo mtendaji hatajwi kabisa. Mtu huingia dini, huishika, huifuata: hapa ni mtendaji, lakini dini tayari iko mbele yake kama nyumba au njia. Kusilimu kuna umbo la mtendaji, lakini kusilimishwa kuko karibu nako. Na katika Kiswahili cha Lubumbashi anayetaka kujua dini ya mwenzake huuliza anasali wapi. Swali ni la mahali, na jibu ni la mahali pia.

Inafaa kutahadhari hapa. Umbo la kitenzi si ushahidi wa hali ya moyo. Mwanamke huolewa, lakini hakuna anayethubutu kudai kwamba kila aliyeolewa hakupenda. Sarufi peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba waumini wa Kiswahili hawakuwa huru. Inaonyesha tu kwamba lugha imezoea kuitazama imani kama tukio linalompata mtu, na kwamba uamuzi wake, hata ukiwapo, haupewi kitenzi chake.

Jambo la pili ni zito zaidi. Maneno dini, imani, sala, dhambi, malaika, shetani na roho yana asili ya Kiarabu. Yalifika Maniema na Katanga pamoja na misafara ya karne ya 19, yakachukuliwa na wamisionari kuuhubiri Ukristo. Hivyo Mwislamu wa Kasongo na Mkatoliki wa Likasi wanabishana kwa maneno yaleyale. Lakini kile walichokifuata wazee wa wote wawili hakikupata jina lake katika orodha. Kiliitwa mila, kiliitwa upagani, kiliitwa hata ushenzi. Dini za jadi ni istilahi ya vitabu vya shule, nayo imekuja kwa kuchelewa. Anayeulizwa kwa Kiswahili angechagua dini gani anawekewa mbele yake mambo mawili yenye majina na la tatu lisilo na jina. Landu, anayesimulia kwa Kifaransa na kuwaza kwa Kilatini cha liturujia, yumo katika hali hiyohiyo: anazo istilahi nyingi za kulitetea Kanisa na mapinduzi, lakini anapofika kwa wazee wake anabaki na huzuni tu.

5. Kati ya maji: Landu na Muthoni

Riwaya nyingine ya Kiafrika inasaidia kupima ile ya Mudimbe. Katika The River Between ya Ngugi wa Thiong'o, iliyotolewa mwaka 1965, Muthoni ni binti wa Joshua, mhubiri mkali wa Kikristo katika nchi ya Wagikuyu. Muthoni hataki kuuacha Ukristo. Lakini anataka pia kutahiriwa kama wasichana wenzake, ili awe mwanamke kamili mbele ya watu wake. Baba anamkana. Kidonda kinamuua. Majina ya vitabu yanafanana kwa namna ya kushangaza: kimoja kinamweka mhusika kati ya maji, kingine kinaweka mto kati ya watu.

Kufanana hakuishii katika majina. Landu na Muthoni wanapopata nafasi ya kuamua, hakuna anayechagua kimoja kwa kukikana kingine. Muthoni anataka Kristo na kabila. Landu haendi msituni ili aache upadri. Anakwenda ili upadri na haki vikutane. Jibu la riwaya hizi mbili kwa swali la utangulizi, basi, ni kwamba mtu aliye huru huelekea kuunganisha yale ambayo wenye mamlaka wameyatenganisha. Wahusika hawa hawashindwi kwa sababu wamechagua vibaya. Wanashindwa kwa sababu kila upande unadai mtu mzima, na nusu ya pili huitwa usaliti.

Hata hivyo tofauti yao inafichua upungufu wa Entre les eaux. Muthoni ni msichana asiye na shahada, na Ngugi amempa swali lake mwenyewe, ingawa linamgharimu maisha. Katika Mudimbe swali ni mali ya padri mwenye elimu ya Roma. Kaayowa anaingia na kutoka kama kituo cha safari ya Landu. Msomaji hajui yeye angechagua nini. Wakristo wa parokia iliyoachwa hawaulizwi pia, ingawa ndio walioamka asubuhi wakakuta padri wao hayupo. Inaweza kujibiwa kwamba huo ndio ukweli wa msimulizi anayejisikiliza mwenyewe, na kwamba Mudimbe anamcheka Landu kimyakimya. Jibu hilo lina nguvu, lakini halitoshi. Kejeli dhidi ya mwenye kusema haiwapi sauti walionyamazishwa.

6. Mlango wa kutokea

Imebaki kupima mwisho wa riwaya. Je, kuingia monasterini ni uchaguzi huru au ni kukimbia? Wanaoona kukimbia wana hoja: Landu ameshindwa kila mahali, na kuta za monasteri zinamkinga na dunia. Lakini ni lazima kukumbuka kwamba mara hii hakuna aliyemtuma. Upadri alielekezwa na shule. Msitu ulimvuta kwa dhamiri yenye hatia. Monasteri anaiendea peke yake. Na anachokichagua kwa hiari ni utii. Hapa ndipo riwaya inapomsumbua msomaji anayedhani kwamba mtu huru lazima achague uhuru zaidi.

Mudimbe alilijua jambo hilo kwa ndani. Katika ujana wake alikuwa mtawa wa Kibenedikto huko Gihindamuyaga, Rwanda, akaondoka. Alimwandikia mhusika wake safari iliyo kinyume cha yake: mwandishi alitoka, mhusika anaingia. Safari hizo mbili zikisomwa pamoja zinatoa kipimo kilicho bora kuliko swali la awali. Kuingia katika dini hakuthibitishi uhuru, kwa kuwa watu wengi huingia wakiwa wachanga, kwa mkono wa mzazi, na hakuna ubaya katika hilo. Uhuru huonekana mlangoni pa kutokea: je, mtu anaweza kuondoka, au kubaki kwa namna yake, bila kuitwa msaliti, bila kukanwa na baba yake, bila kupelekwa gerezani?

7. Hitimisho

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 22, inamhakikishia kila mtu uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini. Orodha ya mwaka 1971 haina nguvu tena, na katika mitaa ya Lubumbashi makanisa yamekuwa mengi kiasi kwamba hakuna awezaye kulalamika kwa uchache. Hata hivyo wingi wa milango ya kuingilia si sawa na uwazi wa mlango wa kutokea. Binti anayeacha kanisa la mama yake, au kijana wa ukoo wa Kikristo anayesilimu, bado anakutana na neno lililomfuata Landu, safari hii likitamkwa mezani nyumbani, wala si mbele ya mahakama ya msituni.

Kwa hiyo swali la dini ambayo watu wangeichagua lau wangekuwa huru haliwezi kujibiwa kwa kuhesabu waumini, wala kwa kupima ubora wa mafundisho. Linajibiwa na namna jamaa inavyomtendea yule aliyeondoka. Watafiti wa Kiswahili wana kazi yao hapa, nayo ni ndogo na ya haraka: kukusanya maneno ambayo wasemaji wa mjini na wa vijijini hutumia kumtaja mtu huyo. Kama yote yatakuwa ya matusi, basi Entre les eaux haijawa kitabu cha zamani.