Nafasi Nyuma ya Tundu

Nje, matatu za Barabara ya Jogoo zinapiga honi. Ndani, katika chumba kimoja cha mtaa wa Jericho, jogoo mwenyewe yuko mezani, au tuseme shingo yake: ngozi iliyokaushwa, manyoya yote yakiwa mahali pake, madogo kama kucha za mtoto utosini, yakirefuka kadiri yanavyoshuka mgongoni. Mama aliyeketi mbele ya shingo hiyo hauzi kuku. Anafunga nzi.

Nzi hao ni chambo: ndoana iliyovishwa uzi, sufu na manyoya ili samaki adhani ni mdudu. Hadithi yao nchini Kenya inaanza na samaki mgeni. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki hao wakapandikizwa katika Mto Gura, Nyandarua. Trauti hutaka maji baridi yaendayo kasi, na hapa kwetu kwenye ikweta huyapata milimani tu. Walowezi waliomfuata na fito zao walihitaji nzi, na mikono ya Wakenya ikajifunza kuwafunga. Leo nzi wa Kenya hutumika kuvulia samaki Uingereza na Marekani. Kampuni ya Kiingereza ya Fulling Mill ina kiwanda chake hapa.

Siku niliyomtembelea, mama alikuwa na agizo la nzi aitwaye Adams, namba 14. Katika kazi hii namba ikipanda, ndoana hupungua. Namba 14 inakaa juu ya ukucha wa kidole kidogo na nafasi inabaki. Adams alibuniwa Michigan mwaka 1922 na Leonard Halladay, aliyempa jina la rafiki yake Charles Adams. Hamwigi mdudu mmoja. Ni kijivukijivu tu, na samaki anayetazama kutoka chini humalizia mwenyewe.

Mama anabana ndoana kwenye jiliwa dogo. Uzi, mwembamba kuliko wa kushonea nguo, anauzungusha kutoka mbele hadi mahali ndoana inapoanza kupinda, kila mzunguko ukilala ubavuni mwa mwenzake. Kisha vipimo. Hana rula, ndoana yenyewe ndiyo rula. Mkia uwe na urefu wa shina la ndoana. Mabawa, ncha mbili za manyoya yenye mistari myeusi na myeupe, yasimame kwa kimo hichohicho. Nyuzinyuzi za unyoya wa kuzungushia zifike mara moja na nusu ya upana wa mdomo wa ndoana. Anauweka unyoya kando ya ndoana, anautazama, anauweka pembeni, anachomoa mwingine. Mara tatu nilimwona akikataa unyoya ambao mimi ningeuapia kuwa uko sawa.

Mwili ni sufu ya kijivu. Anachukua kidogo mno, kiasi cha kupeperushwa na pumzi, anaisokotea kwenye uzi kwa kidole gumba na cha shahada, kisha anauzungusha: mwembamba mkiani, mnene kifuani.

Ndipo inapofika zamu ya jogoo. Manyoya mawili, mmoja wa kahawia na mmoja wa mistari, yanazungushwa pamoja hadi nyuzinyuzi zake zinasimama pande zote. Hapo utajua kwa nini shingo ni ya jogoo, si ya tetea. Unyoya wa jogoo ni mkakamavu, na nzi husimama juu ya maji kwa ncha zake. Wa tetea ni laini, hunywa maji. Huo ni wa nzi wa kuzama.

Mimi ningesema kazi imekwisha. Lakini tangu mzunguko wa kwanza mama alikuwa ameacha sehemu tupu nyuma ya tundu la ndoana, isiyozidi nusu ya punje ya mtama.

"Hapa ni pa kichwa," aliniambia. "Ukipajaza, huna pa kufungia."

Akafunga fundo linalojificha chini ya mizunguko yake lenyewe, akadondosha vanishi kwa ncha ya sindano, kisha akapitisha bua la unyoya ndani ya tundu ili kulifagia. Hulipwa kwa dazeni, na nzi asiyefanana na wenzake hukatwa kwa wembe, ndoana ikaanza upya. Nilipoitazama dazeni iliyokamilika, nilitafuta wa kwanza na wa mwisho nikashindwa.

"Jaribu, mwanangu," akasema. Nusu saa baadaye nilikuwa na nzi mwenye kichwa cha siafu askari. Mama alicheka kimyakimya, akanifungashia huyo pamoja na wake wawili.

Wiki iliyofuata nilikuwa Mto Ragati, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, pamoja na mwelekezi. Hakunipa ufito kwanza. Aligeuza jiwe, akanionyesha wadudu wachanga walioganda chini yake. Akanionya kwamba trauti hukaa akielekeza kichwa mkondo unakotoka, kwa hiyo tumwendee kwa nyuma. Nzi hana uzito wa kurushika; kinachorushwa ni kamba, nayo ndiyo humbeba. Ikienda nyuma, sharti uisubiri inyooke ndipo uirudishe mbele. "Ngoja," alisema. "Ngoja. Sasa." Siku nzima hilo ndilo lililokuwa somo, na nikagundua nilikwisha kulisikia Jericho: kazi ipewe nafasi yake.

Kwa majivuno nilitaka kuanza na nzi wangu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, na uzi haukupita. Tundu lilikuwa limezibwa na vanishi. Mwelekezi alilichokoa kwa ncha ya ndoana nyingine, akashindwa, akanirudishia bila neno. Nikachukua wa mama. Saa saba mchana trauti wa kiganja na nusu alipanda akammeza, na mwelekezi akamfungua ndani ya maji na kumwacha aende zake.

Niliporudi nilipitia Jericho kumsimulia mama. Hakuuliza ukubwa wa samaki. Aliuliza kama uzi ulipita katika tundu la nzi wake mara ya kwanza.

Ulipita.