Gofu Lisilo na Ukuta

Mpwani aliyelelewa na Al-Inkishafi ana namna moja ya kuzuru magofu. Husimama mbele ya ukuta uliopasuka, akatazama vidaka vitupu, kisha akauliza wako wapi waliokuwamo. Hivyo ndivyo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alivyowafunza wasomaji wake mwanzoni mwa karne ya 19 kuitazama Pate, na hivyo ndivyo Gedi na Kilwa Kisiwani zinavyotazamwa hadi leo. Usomaji huo ukipelekwa Katuruka, unakwama.

Katuruka iko Maruku, kusini mwa mji wa Bukoba. Mgeni hupita kati ya migomba na mibuni, na afikapo haoni ukuta, kwa sababu wakama wa Wahaya walikaa katika nyumba za miti na nyasi, na nyasi haziachi gofu. Kilichobaki kimo ardhini: mavi ya chuma, udongo uliochomwa na vigae vya vyungu. Juu ya ardhi kumebaki hadithi.

Hadithi yenyewe ni kwamba mkama Rugomora Mahe, wa karne ya 17, aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, na mnara ukaanguka. Msomaji wa Kurani atamkumbuka Firauni alipomwamuru Hamana, na huenda akaishia hapo, akidhani kuwa ameshaelewa. Asiishie hapo. Palikuwa na mti mtakatifu uitwao Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa uhunzi, na wazee waliuhusisha na mnara huo. Peter Schmidt, mwanaakiolojia kutoka Marekani, aliwasikiliza kwanza, ndipo akachimba walipomwelekeza, mnamo 1970. Alikuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa takriban miaka 2,000.

Hapa ndipo palipo na utamu, na pia uchungu, wa jambo lenyewe. Simulizi haikukosea mahali, ilikosea mwenyewe. Wahunzi walikuwapo karne nyingi kabla ya Rugomora, na ukoo wa Wahinda, uliokuja kutawala baadaye, ukajitwalia mti, moto na sifa. Schmidt aliliona hilo na kulieleza katika kitabu chake cha 1978. Mshairi naye hana budi kuliona, kwani ni ada ya kale ya sifa za watawala: jasho la fundi huimbwa kwa jina la bwana.

Mwaka huohuo wa 1978 Schmidt na Donald Avery walitangaza katika jarida la Science kwamba wahunzi hao walipasha moto hewa ya mivukuto kabla haijafika katikati ya tanuru. Wataalamu wengine walilipinga dai hilo, na ubishi wao ulikuwa mrefu. Usimfiche msomaji kitu cha maana zaidi: katika miaka ya 1970 walikuwapo wazee wa Kihaya walioweza kujenga upya tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakachoma manyasi ya kinamasi shimoni, wakatoa chuma. Ufundi ulikuwa umekwisha kufa sokoni, lakini ulikuwa hai mikononi.

Kisha ikaja 1983, ugonjwa wa UKIMWI ulipogunduliwa kwa mara ya kwanza nchini Tanzania, huko huko Kagera. Katika barabara iendayo Muleba, kupita Kemondo ambako nako kulichimbuliwa matanuru ya kale, nyumba nyingi zilipoteza watu, na pamoja nao masimulizi. Ikiwa Pate ni kumbi zilizohamwa na wenyewe, gofu la Katuruka ni sentensi iliyokatika katikati. Mwishoni mwa miaka ya 2000 wanakijiji wenyewe walianza kuziokota zilizobaki, wake kwa waume.

M. M. Mulokozi, aliyehariri Al-Inkishafi katika Tenzi Tatu za Kale, ndiye pia aliyezitafiti tendi za Kihaya zinazoimbwa kwa enanga, lile zeze la ubao. Kwake yeye bahari na ziwa zilikutana bila ugomvi. Wahakiki wa pwani wamemfuata kwenye tenzi. Kwenye enanga wamekuwa wazito, wakingoja labda waonyeshwe jiwe.

Na huko Katuruka, Rugomora Mahe angali ana jina katika hadithi. Wahunzi wake hawana.